Kindred ya Octavia Butler, uzoefu wangu

Kindred ni riwaya ya Octavia Butler, mama wa Kimarekani anaejulikana kwa hadithi za kisayansi, ila kama unatafuta roboti na vyombo vya angani hapa hamna, nakwambia mapema. Nilitumiwa na jamaa wa kazini, akaniambia we soma tu huyu mama. Mwanzoni kabisa Dana, ndo msimuliaji, anakwambia safari yake ya mwisho kapoteza mkono, wa kushoto. Sasa hapo unafungaje kitabu?

Kisa ni kwamba Dana ni dada mweusi wa California, mwaka 1976, siku anatimiza miaka 26 wanapanga vitabu na mumewe, kizunguzungu kinamshika, kufumba na kufumbua yuko mtoni Maryland enzi za utumwa na kuna katoto ka kizungu kanazama. Anakaokoa. Kuanzia hapo kila huyo Rufus akikaribia kufa Dana anavutwa kule, na kumbe ndo babu wa babu zake, akimwacha afe mapema ukoo wote haupo. Mashine ya kusafiria hakuna, Butler mwenyewe alisema humo sayansi hamna.

Sehemu ninayoirudia ni pale Dana na Kevin mumewe, ambaye ni mzungu na safari hiyo kavutwa nae, wanaona watoto wa watumwa wanacheza. Mmoja yuko juu ya kisiki, mwenzie anamnadi, yaani vile sisi tulivyokua tunacheza baba na mama wao wanacheza kuuzana. Bei inatajwa dola 200, kabinti kanagoma, mimi zaidi ya hapo bwana, mbona Martha umemuuza 500! Kanaambiwa kanyamaze, anaeuzwa haongei. Kevin anaona wanaiga wakubwa tu, Dana anashindwa kuangalia.

Viboko vimejaa humu na vinauma kuvisoma, ila kwangu hapa ndo pamezidi, maana katoto hakalalamiki kuuzwa, kanalalamikia bei. Utumwa nimeusoma shule, nimefika mpaka Mkunazini Zanzibar palipokua na soko lililofungwa 1873, na nilitoka na miaka tu kichwani.

Nikaanza kumtafuta mwandishi. Kazaliwa Pasadena 1947, mama yake mfanyakazi wa ndani, na alikua anamuona mama anaingilia milango ya nyuma kwenye nyumba za watu, Kindred imetokea huko. Ana miaka 12 kaangalia filamu mbovu ya mwanamke wa sayari ya Mars akasema hata mimi naweza kuandika kuzidi hii. Kafanya vibarua mpaka cha kukagua chipsi kiwandani, anaamka usiku wa manane kuandika. Kafariki 2006, na 2021 NASA, shirika la anga la Marekani, wakapaita jina lake pale roboti yao Perseverance ilipotua, Mars hiyohiyo.

Lawama yangu ni Kevin. Anabaki kule peke yake miaka mitano, akirudi tunapewa kurasa chache tu za kuchanganyikiwa kwake, mi nilitaka zaidi. Kiingereza cha kitabu chepesi, hutahangaika na kamusi. Tamthilia ya 2022 iliishia msimu mmoja kwahiyo anza na kitabu.

Nampa nne na nusu kwa tano. Saizi niko kwenye kitabu chake kingine, Wild Seed, kuna bibi wa Kiigbo, kabila la Nigeria, anajigeuza mnyama yoyote anaetaka, mwenye kile chake cha Parable of the Sower cha karatasi aniambie anakiuza shingapi.