ATP-CTP kwa rubani anayetoka jeshini Marekani: kozi ya wiki moja chini ya darubini

Rubani wa jeshi la Marekani anayestaafu baada ya miaka 20 ya utumishi kwa kawaida ana miaka arobaini na ushee. Mashirika ya ndege za abiria za ratiba humshusha usukani akifikisha miaka 65. Katikati hapo cheo, zamu na likizo vyote hufuata tarehe ya kuajiriwa, kwa hiyo kila mwezi wa kuchelewa una gharama. ATP-CTP, kozi ya maandalizi ya ATP (leseni ya rubani wa mashirika ya ndege), ndiyo lango: tangu Agosti 2014, bila cheti chake hukalii mtihani wa nadharia wa leseni ya ATP ya injini zaidi ya moja. Je, inamfaa nini mtu aliyezoea F-16, ndege ya kivita?

Saa 30 ni za darasani. Mbili za hali ya hewa atazipitia akipiga miayo. Nane za erodinamiki zina faida pale zinapogusa mwinuko mkubwa na mabawa ya ndege nzito. Uzito wa kozi uko kwenye saa 14 za uendeshaji wa shirika, maana huko mwanajeshi hukutana na kitu kigeni: mratibu wa safari aliye ardhini anayebeba jukumu la safari sawa na kapteni. Mafuta, uwanja mbadala, kuondoka na kifaa kibovu, yote ni ya wawili. Chuo kinachosoma slaidi tu hapa kinakuibia.

Saa 6 zilizobaki ni za uongozi na kazi ya pamoja. Aliyekuwa peke yake kwenye kiti hufanya kila kitu kimyakimya, na hilo ndilo kosa linaloonekana mapema zaidi kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urukaji. Mfano mzuri wa kinyume chake ni kapteni Sullenberger, rubani wa zamani wa ndege ya kivita F-4. Tarehe 15 Januari 2009, injini zote mbili zilipopoteza nguvu, alichukua usukani, akamwachia rubani msaidizi Skiles chekilisti iliyoandikwa kwa ajili ya ndege iliyo juu sana, siyo iliyo karibu na maji ya mto Hudson walikotua. Watu wote 155 walipona.

Simuleta ni saa 10, na 6 kati ya hizo lazima ziwe kwenye simuleta kamili ya daraja C au zaidi, ya ndege ya jeti au turbini yenye uzito wa pauni 40,000 au zaidi. Hapo hufanyiwa mazoezi ya bawa kupoteza mnyanyuko, ndege kupinduka, barafu na upepo wa ubavu. Mkono wa rubani wa kivita hukimbilia nguvu za injini. Kwenye ndege yenye injini chini ya mabawa, nguvu zikija mapema huinua pua zaidi. Kwanza shusha pua, kisha ongeza nguvu taratibu.

Saa 4 za mwisho, za kompyuta ya safari na otopailoti, zinaruhusiwa kwenye kifaa kidogo kisichotikisika. Wengi huzidharau, nao ndio hutoka jasho. Ukiweka kupanda futi 2,000 kwa dakika ukiwa juu sana, otopailoti itatii hata injini zikiishiwa, na kasi itashuka polepole huku wewe ukitazama vitufe. Otopailoti inafuata amri gani? Jibu limeandikwa kwenye mstari wa juu wa skrini. Usome kwa sauti.

Kabla ya kulipa, hesabu saa zako. Rubani wa jeshi anaweza kupata ATP yenye masharti kwa saa 750 badala ya 1,500, akiwa na miaka 21 na nyaraka rasmi za mafunzo. Zinahitajika saa 50 za injini zaidi ya moja. Wengi wa F-16 wanazo kutoka T-38, ndege ya mafunzo ya jeshi, lakini injini zake zimekaa karibu na katikati, hivyo leseni ya biashara huja na kikomo cha ndege za aina hiyo tu, kinachoondolewa kwa mtihani wa vitendo. Pia jeshi na FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani, hawahesabu muda sawa: FAA huanza ndege inapojisogeza yenyewe kwa ajili ya kuruka. Kila fomu ijaze kwa kanuni inayoidai.

Uliza pia kama muda wa kukaa nyuma ukitazama wenzako unahesabiwa kama saa zako. Ukiambiwa ndiyo, usikubali. Na kabla ya kutoa maelfu ya dola, uliza shirika unaloomba kazi: mengine huwalipia waajiriwa wapya. Mtihani una maswali 125, alama ya kupita ni 70, na matokeo hudumu miezi 60, kwa hiyo unaweza kuumaliza katika miezi ya mwisho ya utumishi, chini ya SkillBridge, mpango wa jeshi wa kumwandaa askari kwa kazi ya kiraia.

Wakufunzi lazima wawe na ATP na angalau miaka 2 ya urubani wa kibiashara. Tafuta chuo chenye mkufunzi aliyevua gwanda mwenyewe. Wengine wameshapita miaka 65, na simuleta haina kikomo cha umri.