Taima ya jikoni ya kuzungusha, juu ya meza ya kazi

Ni ile ile ya kupimia mayai yanapochemka: plastiki ya duara yenye namba hadi 60, springi ndani, kengele mwishoni. Haihitaji betri wala umeme. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Francesco Cirillo, akiwa mwanafunzi wa chuo nchini Italia, alitumia yenye umbo la nyanya ili ajibane kusoma, na mbinu yake ikachukua jina la Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Unafanya kazi dakika 25, unapumzika 5. Kila baada ya vipindi vinne unapumzika dakika 15 hadi 30.

Wengi huinunua ili iwakimbize. Faida yake kubwa ni kinyume cha hapo: kengele inakutoa kitini kabla shingo haijakakamaa. Anayeipuuza kwa kuwa kazi imemnogea hufika saa nane mchana akisoma sentensi moja mara tatu. Ikilia, simama, kunywa maji, tazama mbali nje ya dirisha.

Kosa linalowapata karibu wote ni kuizungusha moja kwa moja hadi 5. Springi inakuwa haijakaza vya kutosha, na kengele hulia kinyonge au hailii kabisa. Ipeleke kwanza karibu na 60, kisha uirudishe kwenye dakika unazotaka. Usiiweke juu ya mbao tupu, maana meza hukuza ule mlio wa tik-tik; kitambaa kilichokunjwa mara mbili kinatosha. Kwenye ofisi ya watu wengi bado ni kero, na hapo ya kidijitali yenye taa badala ya mlio ni bora. Ya springi inaweza kukosea dakika moja au mbili kwa saa. Kwa keki hilo ni tatizo, kwa kazi hii si kitu.

Simu huhesabu kwa usahihi zaidi, ila ukiishika kuzima kengele unakutana na WhatsApp, na zile dakika 5 zinakuwa 20. Tena simu nyingi za Android huzifunga programu za chinichini ili kuokoa chaji, kengele ikachelewa. Ukilazimika kuitumia, ingia mipangilio ya betri uondoe kizuizi cha programu hiyo.

Vipindi 12 ni saa 5 za kazi halisi. Ukijumlisha mapumziko yote, mafupi na marefu, siku imejaa. Kulenga 16 ni kujidanganya. Kwa kuandika programu au kutafsiri, dakika 25 hukatiza mapema mno, hivyo jaribu 50 kwa 10.

Haimfai mtu wa mapokezi wala wa kaunta, kwa sababu mteja hangoji kengele. Wala haitibu uchovu unaotokana na mzigo uliozidi. Shirika la Afya Duniani, katika ICD-11, yaani orodha yake ya kimataifa ya magonjwa na hali za afya, linauhusisha uchovu huo na msongo wa kudumu wa kazini. Hata hivyo, weka karatasi kando ya taima na uchore kistari kila unapokatizwa na mtu. Baada ya wiki mbili mpelekee msimamizi karatasi hiyo mnapojadili mgawanyo wa kazi.