Tangi la samaki la kwanza Mombasa: nlichonunua, nlichoacha dukani na kwa nini

Hita usinunue. Naanza na hilo manake ndilo kila mtu huniuliza akiliona tangi letu, ati mbona halina ile fimbo ya kupasha maji moto wanayoionyesha kwenye video. Jamani tuko Mombasa! Kipimajoto changu kile cha kubandika kwenye kioo sijawahi kukiona chini ya digrii 25, hata kusi ikivuma na mvua inanyesha, na guppi, moli na plati, wale samaki wadogo wa kuanzia, wao wanataka kati ya 24 na 28 hivi, sasa hita utie ipashe nini? Balaa letu sisi liko upande wa pili, kaskazi ikikaza mwezi wa pili wa tatu maji yanagonga 30, na maji yakipata joto hewa ndani yake inapungua, kwenye digrii 25 lita moja inabeba kama miligramu 8.3 za oksijeni na kwenye 30 ni 7.5 tu hivi. Kwa hivyo pesa ya hita mie nimeitia kwenye pampu ya hewa na sijajuta.

Haya, tunaishi flat Tudor, kijana wangu alikuwa ananililia samaki, na babake akasema kama ni kununua basi kinunuliwe kitu cha kudumu si cha kuchezea wiki mbili. Tukaingia duka moja mjini (jina naliweka kwangu), muuzaji akatutolea boksi, seti nzima iko ndani, tangi la lita 15 lenye kioo cha mviringo, taa kwenye kifuniko, filta ndogo ya kuning'inia, hita, na kipakiti cha chakula. Zuri machoni wallahi, mtoto alishaanza kulikumbatia. Lakini nlipoifungua ile filta nkaona ndani kuna kadi ya kitambaa na makaa, na kikaratasi kinasema ibadilishwe kila mwezi. Nkamuuliza, kaka hizi kadi za kubadilisha mnazo? Akaniambia mpaka ziagizwe Nairobi. Nkamrudishia boksi lake.

Si ubahili. Kwenye tangi la samaki kinachosafisha maji hasa ni bakteria, wale wadudu wasioonekana wanaokaa kwenye filta. Samaki anakunya, chakula kinabaki, kinaoza, inatoka amonia ambayo ni sumu, kuna bakteria wanaigeuza iwe nitraiti ambayo nayo ni sumu, kisha wengine wanaigeuza hiyo iwe nitreti ambayo samaki anaivumilia mpaka utakapobadilisha maji. Sasa wewe kila mwezi unatoa kadi unatupa, umetupa na bakteria wako, unaanza upya. Na lita 15 ni kidogo mno kwa mtu anayejifunza, mtoto akizidisha chakula siku moja tu maji yote yameharibika, kwenye tangi kubwa kosa hilohilo linazimuka na unapata nafasi ya kurekebisha.

Tukaenda kwa fundi wa vioo. Hapa ndipo nawashauri watu wa Mombasa waanzie, mafundi tunao na bei ni nafuu kuliko ya boksi ukihesabu ukubwa unaopata. Nlimpa vipimo, urefu 60, upana 30, kimo 35, kioo cha milimita 6. Ukijaza maji mpaka sentimita 30 hiyo ni lita 54. Fundi akasema, mamangu, milimita 5 inatosha kwa kimo hicho, na pengine kweli inatosha, lakini nna mtoto na mpira ndani ya nyumba, nkamwambia weka 6. Kitu cha kumkazania ni silikoni, ile gundi ya kuunganishia vioo. Kuna silikoni ya bafuni iliyotiwa dawa ya kuzuia ukungu, hiyo ni sumu kwa samaki, usikubali hata akikuapia. Mwambie akuonyeshe chupa, soma mwenyewe. Tuliyotumia ni ile ya kawaida ya vioo inayonuka siki, na tangi likakaa mpaka harufu ikaisha kabisa. Kisha jaribio, nlilijaza sakafuni, nkalitandikia karatasi za tishu kavu kwenye pembe zote nje, nkaliacha mpaka kesho yake, nkazipapasa moja moja. Kavu. Pia nkamwomba afunike na kipande cha kioo kilichobaki, pembe moja ameikata kupitisha mpira mwembamba wa pampu ya hewa. Kifuniko muhimu sana, guppi wanaruka, na paka wa mtaa wetu mnawajua wenyewe walivyo.

Meza ya tivi sahau. Maji lita 54 ni kilo 54, weka kioo, weka kokoto, umepita kilo 70, na zile meza za mbao za kusagwa zikipata matone tu zinafura kama mahamri. Mie nlichomelewa sitendi ya chuma, rangi mara mbili kwa sababu ya upepo wa chumvi, juu plaiwudi, na juu ya plaiwudi foromu nyembamba ya ile inayokuja na maboksi ya friji ili kioo kisikalie kijiwe.

Sasa filta, na hapa ndio moyo wa maneno yangu. Nliyochukua ni filta ya sponji, ile rahisi kuliko zote, sponji mbili nyeusi zenye bomba katikati, unaunganisha na mpira wa pampu ya hewa, mapovu yakipanda yanavuta maji kupitia kwenye sponji. Sponji yenyewe ni mia chache tu. Haina kadi, haina mota ndani ya maji ya kuungua, haivuti vitoto vya guppi (na vitoto vitakuja, usijidanganye), na kubwa zaidi inachakata maji na kutia hewa kwa mpigo mmoja, ambayo ndiyo tunayoihitaji kwenye joto hili. Ikijaa uchafu unaitoa, unaikamua kwenye ndoo ya maji ya tangi lenyewe, yanatoka meusi kama mchuzi wa pweza, unairudisha. Usiioshe kwa maji ya mfereji, klorini, ile dawa ya kusafisha maji, inaweza kuua wale bakteria.

Ubaya wake upo. Inakula nafasi, haipendezi, na pampu inanguruma. Usiku wa kwanza mume wangu alitishia kuitupa dirishani, ikabidi nkate ndara kuukuu nkaikalisha pampu juu yake, sasa imenyamaza kiasi, unasikia mapovu tu. Nyota nne kati ya tano, hiyo moja nimeipunguza kwa ajili ya kelele.

Mpira wa hewa uwe na valvu ya kuzuia maji kurudi. Ni kidude kidogo cha plastiki kina mshale, hakifikii bei ya soda, na maduka mengi hawakupi mpaka uulize. Kazi yake ni hii, stima ikikatika mapovu yanasimama na maji yanaanza kupanda ndani ya ule mpira, kama pampu iko chini ya usawa wa maji yatashuka mpaka ndani yake na kwenye soketi. Kabla ya kukifunga kipulize kwa mdomo, hewa ipite upande mmoja tu, mshale uelekee kwenye tangi. Na waya wa umeme uache ushuke chini kuliko soketi kwanza ndio upande, tone likiteremka na waya lianguke sakafuni lisiingie kwenye plagi. Pampu nyingi zinakuja na plagi ya miguu miwili, nunua adapta nzuri usichomeke kwa kijiti.

Kuhusu tokeni za stima, watu wanaogopa bure. Pampu yangu ni wati 3, ikiwaka mchana na usiku mwezi mzima ni yuniti 2 na kidogo. Taa ya LED wati 10, masaa manane kwa siku, ni yuniti 2 na nusu hivi. Hita ya wati 50 hata ikiwaka nusu ya siku tu ni yuniti 18, basi hesabu mwenyewe. Taa yenyewe sina mengi, ya bei ya chini inatosha, masaa manane yasizidi na tangi lisiwe karibu na dirisha la jua, la sivyo kioo kitageuka kijani.

Maji sasa. Hapa Mombasa hili ni jambo kuliko vifaa vyote na hakuna seti ya boksi itakayokwambia. Maji matamu yetu yanatoka mbali, Mzima kule Tsavo, Baricho karibu na mto Sabaki, Marere upande wa Kwale, na mferejini yanakuja siku yakipenda. Yasipokuja ni mkokoteni, na mwenye mkokoteni ukimuuliza mwanangu haya ni ya wapi, daima ni ya Mzima mama! Nachovya kidole naonja. Kisima cha kisiwani utakijua hapohapo kwenye ulimi, na ukitaka uhakika nawa kwa sabuni, povu likikataa kushika hayo ni mazito, yamejaa chokaa. Si kwamba hayafai kabisa. Moli na guppi wanaishi ndani yake bila shida, moli hata chumvi kiasi anaistahimili. Neoni wale wekundu na buluu ndio wataumia, wao asili yao maji laini. Kwa hivyo onja maji kwanza ndio uchague samaki, usije ukapenda samaki ndio ukahangaika na maji. Na jua pia amonia inakuwa kali zaidi kwenye maji ya moto yenye alkali (kinyume cha asidi), yaani hasa hali yetu, ndiyo maana nasema usikimbilie kujaza samaki.

Maji ya mfereji nayaacha kwenye ndoo mpaka kesho yake klorini iondoke, nikiwa na haraka natia matone ya dawa ya kuondoa klorini. Ndoo funika na chandarua lakini, mbu wa dengi wanapenda maji masafi yaliyotulia. Na tangi likipungua kwa joto usiwe unaongeza tu, maji yanayoruka ni matupu, chumvi na chokaa zinabaki, ukiongeza ya kisima juu ya ya kisima mwezi baada ya mwezi unapika chumvi. Toa robo, tia robo, kila wiki. Mpira wa kufyonza ni ule wa mita moja na nusu wa duka la vifaa vya ujenzi, sihitaji kingine.

Kokoto nimetumia za mto, zimeoshwa mpaka maji yakatoka meupe. Mtoto alitaka mchanga wa Nyali na makombe, nkamwonyesha, nkadondosha siki juu ya mchanga ukatoa povu mbele ya macho yake. Ule una matumbawe yaliyosagika, yaani chokaa, ukiutia utazidisha uzito wa maji ambayo tayari ni mazito. Makombe yamebaki nje juu ya sitendi.

Kipimo cha maji, cha kupima amonia na nitraiti, nunua cha matone, si cha vijikaratasi, vijikaratasi kwa unyevu wa hewa yetu vinaharibika kopo likishafunguliwa. Ni ghali, ndicho kitu kilichoniuma mfukoni kuliko vyote, ila bila hicho unabahatisha. Pampu iliwaka tangi likiwa bila samaki, nkawa natupia punje za chakula zioze ili bakteria wazaane kwanza, na jirani wa chini mwenye tangi la siku nyingi akanikamulia uchafu wa sponji yake ndani ya langu, uchafu ule ni dhahabu. Kwa kawaida kusubiri ni wiki nne mpaka sita, amonia na nitraiti zisome sufuri. Mtoto alinuna, akawa anaangalia mapovu. Kisha guppi wachache, baadaye moli. Goldfish watu wananishauri kila siku, hapana, ni mchafu sana, anakua mkubwa na anapenda maji ya baridi, hapa utamtesa.

Kilichobaki ni stima ikipotea. Sponji bila hewa masaa kadhaa bakteria wanaanza kufa na kaskazi samaki wanapanda juu kuhema. Nimenunua pampu ndogo ya betri zile kubwa mbili, inapiga kelele kama boda iliyotoboka ekzosi lakini inafanya kazi, nyota tatu. Ninayoitaka ni ile inayojiwasha yenyewe stima ikikatika, manake mara nyingi inakatika tuko kazini. Dukani wananiambia mzigo unakuja. Kama kuna aliyeiona Mombasa, aniambie ni wapi na ni bei gani.