Gari Gani Livute Tela Zito la Kazi? Tathmini ya Makundi Manne

Kwa miaka tisa sasa nimekuwa nikichimba mitaro ya mabomba na misingi ya majengo, na kila kazi huanza na kuishia barabarani, tela lenye eskaveta ndogo likiwa nyuma ya gari. Katika muda huo nimelivuta tela hilohilo kwa magari ya makundi manne: pikapu ya kawaida ya kabini mbili, Toyota Land Cruiser 79 yenye bodi, pikapu kubwa ya Kimarekani, na lori dogo ambalo kabini yake imekaa juu ya injini. Tathmini hii inayahusu makundi hayo, na namwandikia mtu anayetaka gari la kuvuta mzigo mzito kila siku ya kazi, kwa maana mahitaji yake hayafanani hata kidogo na ya yule anayevuta boti mara mbili kwa mwaka.

Sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa nikitafuta gari la kwanza nilikadiria uzito wa tela kwa kujumlisha nilichosoma kwenye vitabu vya watengenezaji: mashine kilo 1,800 na tela tupu kilo 800, jumla 2,600. Mwaka mmoja baadaye nilipitisha tela kwenye mizani likiwa limepakiwa kama linavyopakiwa kila asubuhi, nikasoma kilo 3,120. Nilikuwa nimesahau ndoo mbili za ziada za eskaveta, nyundo ya kuvunjia mwamba, minyororo ya kufungia, madumu ya dizeli, tairi la akiba, na kitu ambacho hakimo katika kitabu chochote, yaani udongo. Siku hiyo jioni niliubandua kwa sululu udongo mkavu uliokuwa umegandamana chini ya mashine, nao ukajaza toroli hadi pomoni. Kwa hiyo, anayetaka kununua gari la kuvutia na aende kwanza mizani na tela lake likiwa na kila kitu, ndipo aanze kusoma sifa za magari.

Sasa tuitazame namba inayotajwa katika kila tangazo. Pikapu nyingi za kabini mbili, kama vile Toyota Hilux, Ford Ranger na Isuzu D-Max, hutangazwa kuwa zinaweza kuvuta kilo 3,500 iwapo tela lina breki zake, na kilo 750 tu iwapo halina. Namba hiyo ni ya kweli, lakini haisemi yote. Kila gari lina mipaka mingine miwili mikubwa inayopaswa kusomwa pamoja na namba hiyo: uzito wa juu wa gari lenyewe likiwa limepakiwa, na uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja. Tuchukue gari la mfano lenye uzito mtupu wa kilo 2,150 na ukomo wa pamoja wa kilo 6,000. Likivuta tela la kilo 3,500, kilichobaki kwa gari ni kilo 2,500, na ukiondoa uzito wake mtupu unabakiwa na kilo 350. Watu wanne wa kilo 80 kila mmoja ni kilo 320. Zinabaki kilo 30 kwa ajili ya vifaa vyote vya kazi, na sanduku langu la spana peke yake lina zaidi ya hapo.

Kisha kuna uzito ambao tela huuweka juu ya kifungio cha nyuma. Ili tela litulie barabarani, sehemu ya mbele yake inapaswa kulalia kifungio kwa asilimia 10 hadi 15 ya uzito wake wote. Likiwa jepesi mbele huanza kupunga mkia, na mkia ukishaanza kupunga kwa mwendo wa kasi dereva hana tena la kufanya ila kuachia mafuta taratibu na kuomba barabara iwe tupu. Kwa tela langu asilimia 10 ni takriban kilo 310, na kilo hizo huhesabiwa kama mzigo uliomo ndani ya gari. Tena hazikai zilipowekwa. Kifungio kipo nyuma ya ekseli ya nyuma, kwa hiyo gari huwa kama mzani wa kubembea: kifungio kikiwa mita 1.3 nyuma ya ekseli, na umbali kati ya ekseli mbili ukiwa mita 3.1, kilo 310 zitanyanyua kilo 130 kutoka magurudumu ya mbele na kuishindilia ekseli ya nyuma kwa kilo 440. Magurudumu ya mbele ndiyo yanayoelekeza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva huyaona haya usiku, taa zake zinapomulika matawi ya miti badala ya lami, na huyasikia mikononi, usukani unapokuwa mwepesi kupita kiasi.

Pikapu yangu ya kwanza, ambayo sitaitaja jina, ilivuta tela lile bila kulalamika. Injini ya dizeli yenye turbo ilipanda kila mlima niliouelekea, na hilo ndilo lililonidanganya kwa muda mrefu. Siku moja, nikiteremka mlima mrefu baada ya mvua, pedali ya breki ilianza kuzama chini kidogo kila nilipoikanyaga, na harufu kama ya mpira unaoungua ikaingia kabini. Tulikuwa wanne garini. Nilishusha gia hadi ya pili, injini ikapiga kelele, tukafika bondeni salama. Niliposhuka, magurudumu ya mbele yalikuwa yakitoa moshi mwembamba, ilhali ya tela yalikuwa baridi kabisa. Waya wa breki za tela ulikuwa umekatika pasipo mimi kujua. Kosa la waya lilikuwa langu, lakini siku hiyo nilielewa kwamba gari lile lilikuwa limebeba mzigo mpakani mwa uwezo wake kila siku, likiwa halina akiba yoyote ya kunisamehe.

Ni vizuri kulipima jambo hili kwa hesabu. Gari na tela vyenye kilo 6,000 vikiteremka mita 500 za kimo, nguvu inayopaswa kumezwa na breki, injini na upepo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 80 za maji ya kawaida. Pedi za breki haziwezi kuimeza yote peke yake, ndiyo maana mimi huuliza habari za kuteremka kabla ya habari za kupanda. Je, gari lina breki ya ekzosi, ambayo huziba moshi ili injini ipunguze mwendo? Je, lina kidhibiti cha breki za tela kilichowekwa kiwandani, ambacho dereva anaweza kukiongeza au kukipunguza akiwa amekaa? Je, giaboksi ya otomatiki ina hali ya kuvuta mzigo, inayoshusha gia yenyewe unapogusa breki mteremkoni? Muuzaji akikosa majibu ya maswali haya huku akikuonyesha skrini kubwa ya dashibodi, mshukuru na uende kwingine.

Hukumu yangu kuhusu pikapu za kawaida za kabini mbili ni kwamba ni magari mazuri sana kwa tela la hadi kilo 2,000, yanavumilika hadi 2,500, na zaidi ya hapo yanafaa kwa safari ya mara mojamoja tu. Kuvuta kilo 3,500 kila siku kwa gari la namna hiyo ni kulichakaza gari na kuwahatarisha watu, hata kama karatasi zinaruhusu.

Land Cruiser 79 nayo inatangazwa kwa kilo 3,500, lakini imejengwa kwa chuma kizito zaidi. Fremu yake ni nene, springi zake za nyuma za mabamba hazilegei upesi, na ekseli zake zinastahimili njia mbovu ambazo zingeipinda pikapu ya kawaida. Ile yenye injini ya dizeli ya V8 ya lita 4.5 hutoa nguvu ya msokoto, yaani ya kuzungusha magurudumu, ya nyutoni-mita (Nm) 430, na ile ya silinda nne ya lita 2.8 hutoa Nm 500 ikiwa na giaboksi ya otomatiki. Najua wapenzi wa V8 hawatanielewa, lakini kwa kuvuta tela mimi ningechukua hiyo ya lita 2.8, kwa kuwa V8 huja na giaboksi ya klachi, na kuondoka na tela zito mlimani kwa klachi ni njia ya haraka ya kuimaliza. Upungufu wa gari hili ni wa kimaumbile: magurudumu ya nyuma yamekaribiana zaidi ya yale ya mbele kwa karibu milimita 95, hivyo kwenye mchanga au tope ya nyuma hayafuati alama za mbele, nalo tela huongeza tatizo hilo maradufu. Kwa maeneo ya kazi yasiyo na barabara bado sijaona mshindani wake. Kwa lami ndefu, lina kelele na linachosha.

Pikapu kubwa za Kimarekani, yaani Ford F-250 na F-350, Ram 2500 na 3500, na Chevrolet Silverado 2500HD na 3500HD, ni ulimwengu mwingine. Niliendesha moja ya kukodi kwa miezi minne, na kwa mara ya kwanza nilisahau kwamba kuna tela nyuma, jambo ambalo lenyewe lina hatari yake. Ram hutumia injini ya Cummins ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, lita 6.7, Ford ina V8 ya lita 6.7, na Chevrolet V8 ya lita 6.6. Zote ni dizeli, na matoleo ya miaka ya karibuni yanazidi Nm 1,300 katika aina zenye nguvu zaidi. Breki ya ekzosi na kidhibiti cha breki za tela hupatikana kutoka kiwandani. Isitoshe, unaweza kufunga tela juu ya ekseli ya nyuma, ndani ya bodi, na ule mchezo wa mzani wa kubembea ukaisha, maana uzito hautui tena nyuma ya ekseli.

Namba za kuvuta za magari haya pia zina msingi unaoeleweka, kwa sababu watengenezaji wake hufuata kipimo cha pamoja kiitwacho SAE J2807, ambacho Toyota ilikuwa ya kwanza kukitumia kwa Tundra ya 2011. Kipimo hicho hudai, pamoja na mambo mengine, kupanda mlima wa Davis Dam huko Arizona, kilomita 18 hivi, kukiwa na joto kali na kiyoyozi kikiwa kimefunguliwa hadi mwisho, bila mwendo kushuka chini ya kiwango kilichowekwa na bila injini kuchemsha. Hata hivyo soma kibao cha mlangoni. F-250 nyingi zina ukomo wa pauni 10,000, yaani kilo 4,536, kwa gari likiwa limepakiwa, na kwa kuwa injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, gari la dizeli huweza kubeba mzigo mdogo kuliko nduguye wa petroli. Anayetaka kuvuta na kubeba kwa wakati mmoja aende moja kwa moja kwenye F-350, Ram 3500 au Silverado 3500HD, ikiwezekana yenye matairi pacha nyuma. Upana wa magari haya ni adha kwenye vichochoro, na mafuta yanakwenda.

Gari ninalolitumia leo ni lori dogo. Isuzu za mfululizo wa N, Fuso Canter na Hino 300 hazisifiwi na mtu yeyote kwa uzuri, nazo hurukaruka zikiwa tupu, lakini zimezaliwa kubeba. Fremu ni ya lori, nyuma kuna matairi pacha, breki ya ekzosi iko kwenye mkono wa usukani, na kabini iliyo juu ya injini hukuwezesha kukata kona ambazo pikapu kubwa ingelazimika kurudi nyuma mara mbili. Faida iliyonishangaza ni nyingine: ndoo, nyundo, minyororo na madumu yote sasa hupanda bodi ya lori, na tela limerudi kwenye kilo 2,600 nilizozikadiria tangu awali. Mwendo ni wa polepole, na kabla ya kununua ni lazima kuthibitisha uwezo wa kuvuta wa toleo lenyewe na daraja la leseni linalotakiwa, kwa kuwa hutofautiana sana.

Kuhusu mengine nitasema kwa kifupi. Matairi yawe ya mizigo, yenye kuta ngumu. Matairi laini ya gari dogo hulifanya gari liyumbe hata kama springi ni mpya. Giaboksi ya otomatiki iwe na rejeta yake ya kupozea oili. Difu yenye uwiano mkubwa, mfano 4.10 badala ya 3.31, huondoka na mzigo kwa urahisi zaidi, ingawa hula mafuta zaidi kwenye mwendo mrefu.

Usilipe kabla ya kulijaribu gari na tela lako mwenyewe likiwa limejaa. Panda nalo mlima, simama katikati, kisha ondoka tena bila kurudi nyuma hata hatua moja. Teremka mlima huohuo kwa gia ya chini, simama mahali tambarare, na upitishe kiganja karibu na kila gurudumu, ya gari na ya tela, bila kugusa chuma. Joto la magurudumu ya tela likiwa sawa na la gari, breki zinagawana kazi. Likiwa la upande mmoja tu, rudisha funguo, au tengeneza tela kwanza, ndipo mzungumze bei.