Kutwa au Kuhama: Chuo cha Karibu na cha Mbali Vikiwekwa Kwenye Mizani

Vijitabu vya vyuo huuza majengo na picha za mahafali. Anayejiunga ananunua kitu kingine: miaka mitatu au minne ya saa, za darasani, za njiani, za kupika na za kulala. Kwa hiyo hapa kusoma kutwa ukitokea nyumbani na kuhamia chuo cha mbali tunavipima kama huduma mbili zinazogombania saa zilezile. Hukumu yetu ni hii: kutwa inashinda pale safari ya mlango hadi mlango isipofika saa moja na fani ikiwa ileile kwa undani. Safari ikizidi saa moja na robo, au fani ikiwa ya maabara na karakana, kuhama kunaanza kulipa hata kama gharama inauma.

Watu wengi hupima ukaribu kwa kilomita, na hapo ndipo hesabu inapoharibika. Pima kwa muhula mzima. Dakika 90 kwenda na 90 kurudi ni saa 3 kwa siku, saa 15 kwa wiki ya siku 5, na saa 225 kwa muhula wa wiki 15. Katika mfumo unaohesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi, somo la krediti 20 limetengewa saa 200, mihadhara, kujisomea na mtihani vyote vikiwa humo ndani. Yaani barabara imekula somo zima na chenji yake. Safari ya nusu saa kila upande inakula saa 75, na hizo zinavumilika. Wapo watakaosema wanasoma njiani. Kusikiliza mhadhara uliorekodiwa kwenye spika za masikioni, sawa; lakini kutatua maswali ya hesabu ukiwa umesimama, mkono mmoja umeshika bomba la basi, hakuna anayeweza kuendelea nako zaidi ya wiki mbili.

Safari ya majaribio ifanyike Jumatatu kwa saa za masomo. Siku ya wageni chuoni mara nyingi huwa Jumamosi, barabara nyeupe, na kipimo chake hakina maana. Saa ianze kuhesabu unapofunga mlango wa nyumbani na iishe unapokaa kwenye kiti cha darasani, pamoja na kungoja usafiri na kutembea ndani ya eneo la chuo, ambako peke yake kunaweza kufika dakika 15. Rudi saa ile ambayo kipindi cha mwisho cha vitendo huisha, uone kama usafiri bado upo. Rudia mara tatu, kisha tumia ule muda mbaya kuliko yote. Ukichukua wastani, siku ya mtihani utakuja kulia.

Baada ya barabara, omba ratiba. Idara nyingi hukupa ya muhula unaoendelea ukiuliza kwa adabu. Omba ya mwaka wa kwanza na ya mwaka wa pili. Tafuta mashimo. Mhadhara wa saa 2 hadi saa 4 asubuhi, kisha semina ya saa 9 alasiri, ni shimo la saa 5. Anayelala bwenini hurudi chumbani akafua. Wa kutwa anazunguka na begi lenye kompyuta na koti, anakula nje bila kupanga, na ikifika semina ameshachoka. Uliza kama chuo kina makabati ya kufunga kwa wanafunzi wa kutwa na kama maktaba ina viti vya kutosha mchana. Kabati moja la kufuli huokoa mgongo na fedha. Usajili wa makundi ya semina ukifunguliwa, ingia dakika hiyohiyo na uchague yanayobana vipindi ndani ya siku 3 au 4. Kwa safari ya dakika 90, kuja siku 3 badala ya 5 kunashusha zile saa 225 hadi 135. Anayechelewa kujisajili huachiwa kundi la Ijumaa jioni.

Fani nayo ina kauli. Sheria, historia na hisabati huenda vizuri na kutwa kwa sababu kazi kubwa ni kusoma na kuandika, na meza popote ni meza. Kemia, uhandisi na usanifu majengo ni habari nyingine. Jaribio la saa 3 likikwama, haliangalii saa ya basi la mwisho, na modeli ya jengo ya kadibodi haifiki salama ikibanwa kati ya viwiliwili vya abiria. Kazi za makundi katika fani hizi mara nyingi hufanyika usiku, mwanafunzi wa kutwa akiwa ameshaondoka. Asubuhi anakuta maamuzi yamepita na amepewa sehemu ambayo hakuna aliyeitaka. Kwa uuguzi na ualimu, uliza mafunzo kwa vitendo hufanyikia wapi. Vituo vinaweza kuwa mbali na chuo chenyewe, na mara nyingine vikawa karibu zaidi na kwenu.

Usilinganishe fani kwa majina. Fungua orodha ya masomo ya mwaka wa pili na wa tatu, ndipo programu mbili zenye jina moja zinapoachana. Angalia yapi ni ya lazima, yapi ya hiari hufundishwa kila mwaka, na kama bodi ya taaluma inaitambua shahada hiyo. Masomo yakifanana kwa sehemu kubwa, chuo cha mbali kinakuuzia mazingira tu, na mazingira yana bei.

Nyumbani kuna kasoro ambayo haimo kwenye hesabu za wazazi: aliyeko nyumbani huonekana hana kazi. Atatumwa, atabakizwa na wadogo zake, ataitwa kupokea wageni, na hakuna atakayekuwa amekosea. Dawa ni makubaliano yenye saa, kabla muhula haujaanza: kwa mfano, saa 1 hadi saa 4 usiku, siku 5 za wiki, mlango umefungwa, na ratiba imebandikwa ukutani ambapo kila mtu anaiona. Pasipo mlango wa kufunga, maktaba ndiyo chumba chako. Hapo saa za kufungwa kwake ni muhimu kuliko umri wa jengo. Kazi za nyumbani zisifutwe, zihamishiwe mwisho wa wiki.

Upande wa kuhama, tatizo hukaa kwenye karatasi kuliko kwenye upweke. Mkataba wa chumba wa miezi 12 kwa mwaka wa masomo wa miezi 9 una maana kwamba robo ya kodi unalipia chumba kitupu. Tafuta wa miezi 9 au 10 hata kama kodi ya mwezi iko juu kidogo, kisha linganisha jumla ya mwaka. Mkataba wa pamoja wa watu 4 ni mtego mwingine: mmoja akiacha chuo, mwenye nyumba anaweza kuwadai watatu waliobaki pengo lote. Mkataba wa kila mtu na chumba chake ni salama zaidi. Na chuo kikikuhakikishia bweni, soma ni kwa mwaka gani. Mara nyingi kipaumbele ni wa mwaka wa kwanza, kwa hiyo bajeti ijengwe juu ya kodi ya mtaani ya mwaka wa pili.

Siku ya kuhamia, kabla ya kufungua begi, piga picha. Kuta, godoro pande zote mbili, dari, vitasa, mikwaruzo ya meza. Sogeza kitanda utazame ukungu ukutani, fungua bomba la bafu na la sinki kwa pamoja uone msukumo wa maji, jaribu kila soketi kwa chaja. Zitume picha kwa barua pepe kwa msimamizi siku hiyohiyo, ili tarehe ishuhudie. Amana, yaani fedha ya dhamana unayoweka unapopanga, inaweza kukatwa kwa uharibifu uliokuwepo tangu zamani, na asiye na picha hana hoja.

Fedha za mkopo au ufadhili hutoka baada ya usajili kuthibitishwa, na uthibitisho huchelewa. Beba matumizi ya miezi 2 kamili, mbali na amana na kodi ya kwanza. Vyombo usibebe vingi: sufuria moja, kikaango, kisu, sahani 2, waya wa kurefusha umeme, kufuli na vizibo vya masikio. Vilivyobaki vitanunuliwa ukishaona wenzako wana nini. Kuhusu kukumbuka nyumbani, kosa la kawaida ni kurudi kila Ijumaa. Urafiki wa chuoni huota mwisho wa wiki. Kaa wiki 3 au 4 za mwanzo, kisha nenda.

Njia ya katikati, yaani kuanza karibu na kuhama baada ya mwaka mmoja, husifiwa kuliko inavyostahili. Chuo kipya huamua chenyewe krediti zipi kinazipokea, na vyuo vingi huweka kikomo. Anayeipanga ahifadhi mihtasari kamili ya masomo, yenye saa, mada na vitabu, maana nakala ya matokeo pekee haionyeshi ulifundishwa nini. Tungependelea njia nyingine ya katikati: chuo cha karibu, bweni mwaka wa kwanza, kutwa baada ya hapo, ukiwa umeshapata marafiki na kundi la kusomea.

Kabla ya kulipa amana ya chumba cha mbali, tafuta kwenye mkataba tarehe ya mwisho ya kughairi na kurudishiwa fedha, uiweke sambamba na tarehe ya matokeo ya udahili. Ikiwa matokeo yanatoka baada yake, omba kwa maandishi isogezwe. Wakikataa, omba chumba kwingine.