Heroes' Acre Windhoek: mtu wa Kongwa nimefika, uzoefu wangu

Yani kama uko Windhoek, mji mkuu wa Namibia, hata kwa siku mbili tu, nenda Heroes' Acre, makaburi na mnara wa mashujaa wao wa taifa. Ipo kama kilomita 10 kusini mwa mji, pembeni ya barabara ya B1, wameijenga kwenye mteremko wa kilima na ukifika juu kabisa unageuka nyuma unauona mji wote umelala kule bondeni katikati ya milima. Mimi nilikaa pale juu nadhani nusu saa nzima siongei.

Niseme kwanza kwa nini nilienda. Nimekulia Kongwa, Dodoma, na babu yangu alikuwa anatusimulia sana habari za wapigania uhuru waliokaa pale kwetu, SWAPO ya Namibia, ANC ya Afrika Kusini na wengine, kuanzia 1964, kambi yao ilikuwa penye stesheni ya zamani ya reli ya ule mradi wa karanga wa Waingereza. Babu alikuwa anasema walikuwa vijana wadogo tu wenye adabu, wanakuja kununua mahindi, halafu siku moja unasikia fulani na fulani hawapo tena, wameenda. Wameenda wapi hakuna aliyeuliza. Sasa pale Windhoek ndo nikajua walikuwa wanaenda wapi, maana kundi la kwanza lililorudi kwao kupigana lilitokea Kongwa, na tarehe 26 Agosti 1966 vikosi vya Afrika Kusini, iliyokuwa inaitawala Namibia, vikawavamia kwa helikopta kambini kwao Omugulugwombashe, kaskazini mwa Namibia, vita ikaanzia hapo. Hata mnara wenyewe ulizinduliwa 26 Agosti, mwaka 2002.

Ngazi ni nyingi, nenda polepole. Unapanda katikati ya makaburi, nafasi zipo 174, na kuna yale ya mashujaa wa zamani kama Hendrik Witbooi na Mandume, mengi ya hayo ni ya heshima tu hamna mwili ndani. Kuna la Kakurukaze Mungunda, mama aliyeuawa 10 Desemba 1959 polisi walipowapiga risasi watu weusi wa Windhoek waliogoma kuhamishiwa Katutura, mtaa waliotengewa nje ya mji. Pale nilisimama sana. Rais Hage Geingob naye kazikwa hapo 2024, na rais wa kwanza wa Namibia, Sam Nujoma mwenyewe, Machi 2025.

Juu kuna nguzo ndefu nyeupe ya zaidi ya mita 30, mbele yake sanamu ya shaba ya Askari Asiyejulikana, AK-47 mkono mmoja na mwingine ameuinua anarusha bomu la mkono. Walioijenga ni kampuni ya Korea Kaskazini na watu wengi wanailalamikia kwamba haina Uafrika, sawa, ni kubwa kubwa mno na mawe yanaakisi jua mpaka macho yanauma, ila ule ukuta wa shaba nyuma ya sanamu mimi umenishika. Usiupite haraka. Nimeufuata kwa mkono toka mwanzo, watu wa enzi za Wajerumani, halafu wapiganaji, mpaka unaisha na bendera ya Namibia. Shaba ilikuwa bado ya baridi saa tatu asubuhi, na kuna sura moja ya kijana nikamfikiria yule wa mahindi wa babu.

Ya kuzingatia: hamna kivuli kabisa, beba maji na kofia, na usafiri wa kurudi panga kabla hujaenda. Mimi nilimlipa dereva hela ya kwenda tu akanishusha getini akasepa, kurudi nikasota karibu lisaa limoja juani namngoja mwingine. Mwambie akusubiri, mkubaliane bei kabisa.

Lakini huko kusota ndo kulinikutanisha na mzee mmoja mlinzi. Kaniuliza natokea wapi, nikamwambia Tanzania, Kongwa. Akanyamaza, halafu akaniambia kwa Kiswahili, "Karibu sana, mwanangu." Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kusitasita, kumbe kaka yake mkubwa alipita pale kambini na ndiye aliyemfundisha maneno. Akaniuliza kama zile nyumba za kambi bado zipo. Nimemwahidi nikirudi nyumbani nitampigia picha, namba yake ninayo.