Nyumba ya kale: Mji Mkongwe au Lamu?

Mnunuzi wa nyumba ya kale anaweza kuvutwa na Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingia katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, au na Lamu, iliyofuata mwaka 2001. Kote huko kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Anayezipiga lipu ya saruji huufungia unyevu ndani, na ukuta huanza kumomonyoka taratibu (kosa la wageni wengi, na la wenyeji pia). Unguja gari husogea karibu, ingawa ardhi ni mali ya umma na ukarabati huhitaji kibali. Lamu, mchanga hubebwa na punda hadi mlangoni. Hata hivyo, kwa utulivu, ningechagua Lamu.